Taya Si Lake

Alhamisi, 3 Julai 2025

Leo nimeletewa kichwa ndani ya boksi la televisheni.

Aliyekileta ni Mwalimu Alois. Alinifundisha baiolojia kidato cha tatu. Sasa kastaafu, lakini shule haimtoki. Kapiga hodi saa nne asubuhi, milima bado imejifunika ukungu, mimi nimevaa sweta mbili – yeye jasho linamtiririka! Shikamoo yangu hata hakuitikia. Kaniuliza tu, Sabra, kwa wiki unatengeneza meno ya watu wangapi? Wanne, watano, nikasema. Basi ongeza mmoja, akasema, ana miaka milioni moja na robo tatu.

Zinjanthropus. Yule wa kwenye kitabu. Si yeye mwenyewe – mwenyewe anatunzwa Dar, makumbusho ya taifa. Hii ni nakala ya plasta, mwalimu kaiazima kwa rafiki yake wa chuoni. Shule wamesafisha stoo ya zamani, wanaifanya chumba cha makumbusho. Ufunguzi ni tarehe 17, siku ileile fuvu lilipoonekana kule Olduvai mwaka 1959. Sasa basi alilopanda likafunga breki Mikese, gunia la nazi la mtu likaliangukia boksi. Magego matatu ya juu, upande wa kulia, yamevunjika. Taya la chini limekatika vipande viwili.

Utaweza? Nikasema nitaweza. Utamwambiaje mwalimu wako kwamba huwezi?

Alipoondoka nikakaa nalo. Huu ni mwaka wa kumi na saba natengeneza meno ya bandia, sijawahi kuona mdomo wa namna hii. Meno ya mbele madogo, kama ya mtoto wa darasa la pili. Magego – lo! Gego moja pana kuliko kidole gumba changu. Mifupa ya mashavu imetokeza kama masikio ya sufuria. Utosini kuna ukingo wa mfupa, ndipo misuli ya kutafunia ilipojishika. Huyu maisha yake yalikuwa kutafuna. Kutwa nzima, kutafuna.

Baba kapita koridoni, kitambaa chake usoni. Kasimama kidogo mlangoni kwangu. Kaliangalia. Kaenda zake chumbani.

Ijumaa, 4 Julai

Adhana ya Ijumaa imelia, baba hakutoka. Mwaka wa tatu sasa anasali chumbani. Mwaka juzi imamu alikuja kumwita. Baba hakumjibu kwa mdomo, aliandika kwenye kipande cha boksi: MATE YANANIDONDOKA KWENYE MKEKA WA WATU. Kwa herufi nzuri, zimenyooka, utadhani bango la duka.

Maana ndiyo ilikuwa kazi yake. Mchora mabango. Zamani ukipita Mji Mpya, saluni, bucha, fundi redio, mikia ya malori – mkono wa Stambuli, baba yangu. Printa zikaja, kazi ikapungua. Halafu uvimbe. Walimkata Septemba 2022, Dar. Taya la kushoto, kuanzia karibu na kidevu mpaka chini ya sikio. Uso umelalia upande. Anakula uji, mtori, viazi vya kuponda. Maneno yake mimi nayapata. Mgeni mpaka baba arudie mara mbili tatu. Kwa hiyo na wageni hasemi.

Na mimi, mtu wa meno, hajaniruhusu niangalie mdomo wake tangu arudi. Hata siku moja! Nikimwambia baba, upande wa kulia bado una meno, naweza kukutengenezea kitu utafune kidogo, anainuka na kuondoka.

Nimeunganisha taya. Waya ndani, plasta juu. Limeshika.

Jumapili, 6 Julai

Shangazi Mwanahawa kateremka kutoka Kinole, na mkungu wa ndizi na mdalasini. Kuingia tu chumba cha kazi – audhubillahi! Kauliza nani kafa. Nimemweleza mpaka koo limekauka. Mwisho kasema sawa, lakini mfunike na kanga, anatutazama.

Tukawa jikoni, tunamenya. Akaanza kumzungumzia kaka yake. Hakuwa na ubaya, hana ubaya shangazi yangu. Kasema, unakumbuka alivyokuwa anatujibu? Tukimwambia Stambuli, hilo shavu nenda hospitali, yeye: mwanangu ni mtu wa meno, kaniangalia, si kitu.

Nikatoka nje kumwaga maganda. Nilikaa huko muda.

Niandike basi. Hakuna atakayesoma.

Julai 2021. Nilikuwa na kazi ya kliniki mbili, mabosi wote wananipigia. Baba akaja, akasema Sabra, hebu niangalie hapa, pamevimba kidogo. Nikawasha tochi ya simu. Sekunde tatu. Labda nne. Nikamwambia ni mzizi wa jino la zamani, sukutua maji ya chumvi. Akasukutua. Miezi kumi na minne alisukutua! Kila aliyemshauri aende hospitali alimjibu hivyohivyo, mwanangu kaniangalia.

Na kule Dar daktari alipouliza, mzee, ulianza kuuona lini? – baba alitazama ukutani akasema, miezi mitatu.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilinyamaza.

Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba)

Kliniki zimefungwa. Nimeshinda na nta, nachonga magego. Nayatazama ya upande mzima, nayageuza akilini kama kwenye kioo, nachonga. Yamesagika vizuri, tambarare, kama jiwe la kusagia. Alikula vitu vigumu au alikula vingi mno – mwalimu anasema siku hizi wataalamu wanadhani ni manyasi zaidi.

Saa tano baba kaingia. Kakaa kwenye kile kiti cha wateja. Hajawahi! Nikaendelea kuchonga kana kwamba sikumwona.

"Na huyu taya lake walilikata?"

Nikacheka. Halafu nikaona aibu. Nikamweleza: halikukatwa, halikupatikana. Waliliona fuvu, taya la chini hawakuliona. Hili wamelikisia kwa kufuata taya la mwenzake wa aina hiyo, lililookotwa mbali, karibu na Ziwa Natroni.

Akafikiri. Akajifuta mdomo.

"Kwa hiyo wamemvisha la mtu."

"Linafanana, baba."

"Watu wanajua?"

"Wataalamu wanajua."

"Sijauliza wataalamu," akasema.

Jumatano, 9 Julai

Magego yametoka kwenye kalibu, safi. Lakini rangi! Akriliki yangu ni nyeupe na waridi, ya watu walio hai. Fuvu ni kahawia, na weusi kwenye nyufa, na kijivu. Nimejaribu chai. Nimejaribu kiwi ya viatu. Gego likaonekana kama jino la mvuta sigara.

Baba akaninyang'anya brashi. Katoa makopo yake chini ya kitanda – mengine yameganda, mengine yamepona. Kachanganya kahawia na mkaa uliotwangwa, tone la njano, akapaka, akafuta kwa kidole, akapaka tena. Nusu saa. Sasa mimi mwenyewe niliyeyatengeneza siwezi kuyatofautisha!

Mwalimu Alois kaja jioni kutazama. Kalishika karibu na dirisha, kalizungusha. Halafu kamgeukia baba: shikamoo mzee, kumbe bado unashika brashi? Anahitaji vibao viwili vya maelezo, vya ukutani. Baba akaitikia kwa kichwa tu, akanitazama mimi niseme. Nikasema, anauliza viandikwe nini.

Mwalimu akasema kikubwa kiwe BABU YETU ZINJANTHROPUS.

Baba akaniambia neno, nikalipeleka: alizaa?

Mwalimu kacheka. Kasema swali zuri. Kwa jinsi wanavyojua leo, hawa hawakutuzaa sisi. Walikuwa tawi la pembeni. Waliishi, wakaishi sana, halafu kizazi chao kikakatika.

"Basi si babu," baba akasema. Hakungoja nitafsiri! "Ni ndugu wa babu. Mjomba huyo."

Mwalimu hakusikia vizuri. Baba akarudia: "Mjomba. Wa mbali." Mwalimu akapiga paja lake. Mjomba! Na kwetu Uluguru mjomba si mtu mdogo, akasema baba, ardhi iko kwake. Maneno kumi, mfululizo, mbele ya mgeni. Nimehesabu.

Nilipobaki naye nikamuuliza, na dini je? Huoni vibaya? Kasema Mungu anajua alivyoumba, yeye kaombwa herufi tu. Kasafisha brashi. Halafu kasema kama Mungu alimuumba huyu akamwacha aishi mpaka akaisha, alikuwa na sababu yake, sisi tusimsingizie tu.

Ijumaa, 11 Julai

Balaa la vibao.

Kile kikubwa baba kakiandika MJOMBA WETU ZINJANTHROPUS, kumbe mkuu wa shule, Madam Rahel, alishachapisha turubai: KARIBU UMUONE BABU YETU. Tena baba kaleta kibao cha tatu ambacho hakuna aliyekiomba:

TAYA HILI SI LAKE. LAKE HALIJAPATIKANA.

Mwalimu kakipeleka shuleni asubuhi. Saa nane Madam Rahel huyu hapa kwangu, na kibao mkononi. Si mtu mbaya. Miezi minane kahangaika kupata chumba kile, wazazi wengine wanamwambia anafundisha watoto kwamba ni nyani, na mgeni rasmi anakuja. Kasema dada Sabra, mimi nakuelewa, lakini nikitundika hiki watu watasema tumewaletea kitu feki. Si bora tunyamaze tu? Fuvu ni zuri, taya limekaa vizuri, nani atauliza?

Mwalimu Alois nyuma yake, anatazama viatu.

Baba alikuwa ukumbini, kasikia yote. Sikutegemea atoke. Katoka, kitambaa usoni, na kipande cha boksi na chaki yake ya seremala. Kaandika kasimama, boksi kaliegemeza kwenye ubao wa mlango. Kampa.

MADAM, ISIPOANDIKWA NDIYO FEKI.

Madam akasoma. Akasoma tena. Akasema ataona. Kibao akaondoka nacho, sijui kama ni dalili njema.

Nilirudi mezani, kazi haikwenda. Kile kipande cha boksi kimebaki kwenye kiti cha wateja. Kila nikiinua macho nakisoma.

Jumapili, 13 Julai

Nimesema.

Baba alikuwa barazani anapiga msasa ubao mwingine. Nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu juzi, yote yakaniponyoka. Nikasema tu: "Baba, mbona wewe ulidanganya?"

Msasa ukasimama. "Wapi?"

"Dar. Daktari alikuuliza lini, ukasema miezi mitatu. Ilikuwa mwaka na miezi miwili. Na aliyekwambia si kitu ni mimi."

Kuku wa jirani wakaingia, wakatoka. Kalichukua vumbi la mbao kwa kiganja, kalimwaga.

"Ningesema mwaka," akasema, "angeuliza nani alikuzuia. Ningemtaja nani, Sabra?"

Nikalia. Sikulia hivyo hata alipofariki mama. Hakunibembeleza. Nilitaka anibembeleze, na hakunibembeleza, na sasa nikiandika naona alifanya vizuri.

Kasema alikuwa na hasira na mimi. Mwaka mzima, na wa pili. Kwamba akiona meno ya watu yamepangwa mezani kwangu alitamani kuyafagia yote chini. Ndiyo maana hakutaka mkono wangu mdomoni mwake. Si aibu. Si maumivu. Hasira. Kasema alificha kwa daktari ili anilinde, halafu akanichukia kwa sababu nilikubali kulindwa.

Haya alikuwa hajawahi kuyasema kwa mtu. Yalichukua muda mrefu kutoka, maana herufi nyingine mdomo wake hauziwezi tena, na mimi sikumsaidia kumalizia maneno kama ninavyofanya siku zote. Nilingoja.

Nikamuuliza, na sasa?

"Sasa nina kazi. Nipe huo msasa mwingine."

Nikampa.

Jumanne, 15 Julai

Mwalimu kapiga simu. Madam Rahel kakubali kibao cha taya, kakataa cha mjomba. Turubai la BABU litabaki nje getini kwa sababu limeshachapwa, ndani hakuna babu wala mjomba, kutakuwa na jina tu. Baba kasikiliza. Kasema nusu si mbaya. Halafu kakasirika palepale – kaambiwa vibao vitatundikwa na mlinzi! Kwa misumari! Mbao ile nyembamba itapasuka.

Jumatano, 16 Julai

Fuvu limeondoka nyumbani. Meza inaonekana kubwa.

Alhamisi, 17 Julai

Nimechoka miguu, lakini niandike leoleo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi baba kasimama mlangoni kwangu, kavaa kanzu, kashika drili ndogo na mfuko wa skurubu. Kasema twende tukatundike, kabla watu hawajafika, halafu turudi. Sikumuuliza mara mbili! Nikaita bajaji kabla hajabadilisha mawazo.

Chumba kizuri. Kidogo, kimepakwa chokaa, dirisha moja linatazama mlimani. Katikati kabati la kioo, ndani yake kitambaa chekundu, juu yake – yeye. Nilimtengeneza mimi na bado nilishtuka. Mezani kwangu alikuwa kazi. Pale alikuwa mtu. Anatazama mlangoni, kama aliyekaa muda mrefu anangoja kuitwa.

Baba kapima kwa kamba, katoboa, kafunga skurubu. Karudi nyuma, kafumba jicho moja. Kashusha upande mmoja unene wa njiti ya kiberiti. Kwa hayo mambo saa mbili ikatukuta. Watu wakaanza kuingia! Wanafunzi kwanza, mstari mrefu, halafu wazazi, wamama wa sokoni na vikapu vyao, wanajeshi wawili wastaafu kutoka Ngerengere, mzee mmoja padri. Mlango mmoja, umejaa. Baba kabanwa pale pembeni ya kabati, mgongo ukutani. Nilimwona macho yanatafuta mlango. Nikaanza kupenya kwenda kumtoa.

Kabla sijafika, mwanamke mmoja, mfupi, na mtoto mgongoni, kasoma kibao kwa sauti. Taya hili si lake. Kamgeukia baba, labda kwa ajili ya drili mkononi. Kamuuliza: baba, la kwake liko wapi?

Baba kajibu. Hakuelewa yule mama. Samahani baba? Karudia. Bado. Watu wakageuka. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nikafungua mdomo kumsemea – na baba kanyanyua kiganja kunizuia. Kateremsha kitambaa mpaka shingoni. Ili asikike. Uso wote nje, kovu, upande uliozama. Kasema polepole, neno moja moja:

"Bado... liko... chini. Hawajaliona."

"Aaa!" mama akasema. "Halijaonekana! Na hili la nani?"

"La mwenzake."

"Kamwazima."

"Ndiyo. Kaazimwa."

Basi. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna kilichotokea. Mwanafunzi mmoja alimkodolea macho baba badala ya fuvu, mwenzake akamfinya. Mwingine akauliza kama huyo mwenzake alikuwa mkewe. Baba akacheka! Kile kicheko cha pua. Kasema hajui, na mtu asipojua aseme hajui.

Alisimama pale masaa mawili.

Kitu kimoja kiliniudhi, sitakisahau. Mpiga picha wa mgeni rasmi. Kijana mchangamfu, hakukusudia pengine. Kasema mzee, hebu sogea usawa na fuvu, uso kwa uso, itapendeza sana hiyo. Mtu nyuma akaguna kicheko. Damu ilinipanda mpaka masikioni, nikatafuta neno baya la kumwambia.

Baba akanitangulia. "Nipige na kibao changu. Si na yeye." Kijana hakuelewa, ikabidi niseme mimi, na nilisema kwa sauti. Baba akasogea upande wa pili, akasimama chini ya herufi zake, mikono nyuma, kitambaa shingoni. Kijana akapiga. Madam Rahel alikuwa pale, na alipoletewa mgeni rasmi, cha kwanza alichomwonyesha hakikuwa fuvu. Kamwonyesha kibao. Kasema sisi hapa tunaandika na tusichokijua.

Mwalimu Alois kalia kidogo, halafu kasingizia vumbi.

Jumamosi, 19 Julai

Kwa kifupi leo.

Baada ya uji baba kaingia chumba cha kazi na tochi ile kubwa ya kukatika umeme. Kakaa kwenye kiti. Kanipa.

"Niangalie," akasema. "Lakini uangalie."

Nikanawa. Nikavaa glovu. Akafungua, kiasi anachoweza, upana wa vidole viwili. Nilianza na kulia, jino moja moja. Ulimi. Kaakaa. Halafu kushoto, pale mfupa ulipokatwa, karibu na kidevu. Nikapapasa kwa kidole. Mara ya kwanza nilipita. Nikarudi.

Pana kitu. Kigumu, chini ya fizi. Hakiumi, kasema hakiumi.

Nashuhudia mbele ya daftari hili: lile neno lilikuja. Si kitu. Lilikuwa tayari mdomoni, limejipanga. Nikalimeza.

"Kuna uvimbe, baba. Sijui ni nini. Mimi natengeneza meno, hili ni la daktari kulijua. Jumatatu twende."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Kama punje ya choroko."

Kaitikia. Kaufunga mdomo, anasugua tochi kwa kidole gumba.

"Na ule wa kwanza ulikuwaje? Ulipouona?"

"Sikuuona. Sikuangalia."

"Mm," akasema. Halafu kasema twende tukamwagilie mchicha, jua linapanda.

Jumatatu, 21 Julai

Naandikia kwenye benchi la hospitali. Tumefika saa moja, watu walishajaa. Mvua ya manyunyu mlimani, huku kukavu. Shangazi Mwanahawa kapiga simu mara tatu, anasoma dua kule Kinole, anataka nimwambie kila hatua. Mwalimu Alois kapiga mara moja, kakosa la kusema, kauliza kama tumekula.

Daktari wa kwanza ni binti, mdogo kuliko mimi. Mpole. Kafungua faili, kauliza hili la sasa mmeliona lini. Jumamosi, nikasema. Akauliza, na lile la kwanza, kabla ya upasuaji? Huku imeandikwa miezi mitatu.

Baba akajibu. Akajibu kirefu. Daktari akainamisha sikio, akashindwa, akanigeukia mimi: anasemaje mzee?

Mkalimani wake ni mimi. Hakuna mwingine. Baba alikuwa ananitazama, si ukutani.

Nikasema: "Anasema ilikuwa mwaka mmoja na miezi miwili. Anasema mwanawe alimwangalia kwa haraka akamwambia si kitu. Anasema uandike hivyo."

Halafu nikasema, na mwanawe ni mimi.

Binti akaandika. Hakuninyanyulia hata macho. Kasema hiyo inasaidia, maana muda ule unaonyesha uvimbe ulivyokuwa unakua polepole. Inasaidia! Kampeleka baba eksirei.

Picha wameshapiga. Sasa tunangoja ziletwe kwa daktari mkubwa. Anayetoka mle uso hausemi kitu, nimewatazama wanne. Baba kakaa wima, kanzu ileile ya Alhamisi, nimeipiga pasi. Hajaniuliza ninachoandika.

Sasa hivi kaniinamia sikioni. Kasema wakiita tuingie wote wawili. Nikasema baba, wao huwa wanamwita mgonjwa peke yake kwanza.

"Nikiingia peke yangu," akasema, "nitatoka nikudanganye tena."

Mlango umefunguka. Muuguzi anasoma karatasi, anatafuta jina. Stambuli.

Kasimama. Haendi. Ananingoja nifunge daftari.